Biolojia ya Kidato cha Nne Haikai Shuleni Peke Yake



Kila mwaka unapoanza, vikundi vyetu hufungua daftari la michango na kuandika majina ya watoto wa kidato cha nne wanaodaiwa karo. Kuku huuzwa, ndizi hupelekwa soko, bonasi ya majani chai hugawanywa, na mtoto hurudi shule. Hiyo ni kazi nzuri na hatuna neno nayo. Ila jambo moja limetushangaza tunapotembelea vikundi. Ukimwuliza mzazi, "Huyu kijana unayemlipia anasoma nini hasa?" atakujibu, "Anasoma sayansi." Basi, mazungumzo yameishia hapo. Tunalipia ng'ombe ambaye hatujamwona.

Safari hii tunataka kueleza somo moja tu, biolojia ya mwaka wa mwisho. Tumelichagua kwa sababu ndilo somo ambalo mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kumsaidia mtoto nalo, na mtoto naye akamsaidia mzazi. Nusu ya mambo yake yako shambani na jikoni mwetu.

Mtihani wenyewe ulivyo

Katika mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi ni lazima afanye angalau sayansi mbili kati ya biolojia, kemia na fizikia. Wengi huiogopa fizikia, kwa hivyo hubaki na biolojia na kemia. KCSE ya biolojia ina karatasi tatu. Ya kwanza ni ya saa mbili, ina alama 80, na maswali yake ni mafupi mafupi. Ya pili ni ya saa mbili pia, alama 80. Humo ndimo kuna grafu ya kuchora na insha ya alama 20. Ya tatu ni ya vitendo, dakika 105, alama 40. Ukijumlisha unapata 200.

Hebu tazama hiyo karatasi ya tatu. Alama 40 kati ya 200 ni moja ya tano ya mtihani wote. Mtoto ambaye hajawahi kushika mfupa, hajawahi kupasha dawa kwenye moto akaona rangi ikibadilika, anaingia siku hiyo akikisia tu. Tutarudi kwa jambo hili huko mbele, maana hapo ndipo kikundi kina nafasi kubwa.

Mada za kidato cha nne zenyewe ni nne: jenetiki, yaani jinsi watoto wanavyorithi maumbile ya wazazi, mageuzi ya viumbe, hisia na mwitikio, yaani macho, masikio, ubongo na neva, na mwisho jinsi mimea na wanyama wanavyojishikilia na kusonga. Lakini mtihani unachota kutoka miaka yote minne. Mtoto aliyeutupa mwaka wa kwanza asifikiri hizo mada nne zitamwokoa.

Kuna wazazi wanaosema, "Si kitu, biolojia ikianguka masomo mengine yatamwinua." Ni kweli kwamba tangu mtihani wa 2023 wastani huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Kwa hivyo mtoto anaweza kuwa na wastani mzuri na biolojia imeanguka. Shida huja baadaye. Anapotaka uuguzi, uafisa wa kliniki au udaktari, chuo hakitazami wastani peke yake, kinatazama alama ya biolojia yenyewe. Tumeona machozi mengi mwezi wa kutuma maombi kwa sababu hiyo.

Mahindi, chai na ndizi

Tuanze na jenetiki, maana ndiyo inayowasumbua watoto wengi na ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote.

Mtu wa kwanza kuielewa vizuri alikuwa mtawa, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya nyumba ya watawa mjini Brno, nchi inayoitwa sasa Cheki. Alihesabu njegere miaka na miaka, akachapisha matokeo mwaka 1866, na hakuna aliyemsikiliza mpaka 1900, yeye akiwa amekwisha kufa. Alichoona ni hiki: kila mmea una vipande viwili vya urithi kwa kila umbile, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Vipande hivyo tunaviita jeni. Mmea unapozaa, huachilia kimoja tu kati ya viwili.

Sasa njoo shambani kwako. Mahindi ya kwanza ya mbegu chotara nchini Kenya, H611, yalitolewa Kitale mwaka 1964. Yalipatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mengine yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika Kusini. Tangu hapo watu wetu wamekuwa wakinunua mbegu ya paketi, wanavuna vizuri, halafu mwaka unaofuata mtu anaweka mahindi yake mwenyewe kando apande tena ili asitumie pesa. Yanaota, ndiyo. Lakini moja ni refu, lingine fupi, lingine lina gunzi kama kidole. Hapo husikii mwisho wa maneno: ati kampuni imetia dawa kwenye mbegu ili turudi dukani.

Hakuna dawa. Mmea wa chotara umebeba jeni za wazazi wawili tofauti, na nguvu yake inatokana na mchanganyiko huo. Unapopanda punje zake, jeni zile zinaachana na kukutana upya kila moja kwa bahati yake. Wengine hupata mchanganyiko mzuri, wengi hawapati. Mtoto wa kidato cha nne anachora jambo hili kwenye kijisanduku chenye vyumba vinne. Mwambieni awachoree kwenye mkutano, kwa Ekegusii au Kiswahili. Akiweza kuwaeleza nyinyi, atamweleza msahihishaji.

Majani chai ni kinyume. Miche mingi ya siku hizi hukatwa kutoka kwa mmea mama mmoja, haitoki kwa mbegu. Kwa hivyo shamba zima ni kama mtu mmoja aliyesimama mara elfu tano. Faida ni kwamba yote huchipua sawasawa. Hasara ni kwamba ugonjwa unaoweza kuangusha mmoja unaweza kuangusha wote.

Na ndizi? Umewahi kujiuliza kwa nini ritoke halina mbegu? Viumbe wengi wana seti mbili za kromosomu, yaani zile nyuzi zinazobeba jeni. Ndizi zetu nyingi zina seti tatu, kromosomu 33. Tatu haigawanyiki mara mbili sawasawa, kwa hivyo mbegu hazitengenezeki. Ndiyo maana tunapanda machipukizi. Lakini chipukizi huja na ugonjwa wa mama yake. Mnyauko wa bakteria, uliogunduliwa Uganda mwaka 2001 na baadaye ukavuka kuingia magharibi mwa Kenya, husafiri hivyo hivyo, na kwa panga pia. Ukiona ndizi zinaiva kabla ya wakati, majani yananyauka, na ukikata shina linatoa uji wa manjano, usitoe hapo chipukizi la kumpa jirani. Panga lipitishwe motoni kabla ya kukata mgomba mwingine.

Chinsaga na rinagu hazina matata hayo. Mbegu yake weka mwenyewe.

Maharagwe ya rangi mbili

Hapa tunaomba akina baba wasogee karibu, kwa maana mambo haya yamevunja nyumba nyingi huku kwetu.

Kwanza, kuhusu mtoto wa kiume au wa kike. Mama hutoa kromosomu ya aina moja tu, X. Baba ndiye anayetoa ama X ama Y. Ikiwa Y, mtoto ni mvulana. Hiyo ni biolojia ya kidato cha nne, na huulizwa mara kwa mara. Mtu anayemfukuza mke kwa sababu ya kuzaa wasichana watupu amemfukuza asiyehusika. Hatuongezi neno.

La pili ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wanauita siko seli. Mtoto huzaliwa akiwa sawa. Baada ya miezi sita hivi, mikono na miguu huanza kuvimba, analia kwa maumivu ya mifupa, macho yanakuwa ya manjano, damu inapungua, homa hazikatiki. Mtoto mmoja anakufa, wa pili mzima, wa tatu anaanza vile vile. Familia inaanza kuulizana nani anawaroga.

Chukueni mabakuli mawili. Katika kila bakuli tieni maharagwe 20 meupe na 20 mekundu. Bakuli moja ni baba, la pili ni mama. Jeupe ni jeni nzima, jekundu ni jeni ya selimundu. Mmoja wenu afumbe macho, atoe harage moja kutoka kila bakuli, mwandike rangi zote mbili, ayarudishe na kuchanganya. Fanyeni hivyo mara 40. Mtakuta kama robo ni meupe mawili: mtoto mzima kabisa. Kama nusu ni jeupe na jekundu: mtoto huyu amebeba jeni lakini haumwi, na hajui. Kama robo ni mekundu mawili: huyo ndiye mgonjwa. Haitakuwa kumi kamili. Mnaweza kupata 7 au 13. Ndivyo bahati ilivyo.

Tazameni vizuri mambo mawili. La kwanza, baba na mama katika mchezo huu wote ni wazima, wala hawakujua chochote, na mtoto mgonjwa amepata jekundu moja kutoka kwa kila mmoja. Kwa hivyo hakuna upande wa kulaumiwa. La pili, kila mimba ni kuchota upya. Watu hudhani kwamba kama mmoja ameugua, watatu wanaofuata wamepona. Maharagwe hayakumbuki yalichotwa nini jana.

Kwa nini jeni mbaya namna hii haikupotea zamani? Jibu lilitokea hapa kwetu Afrika Mashariki. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali mwaka 1949. Akaona kwamba waliobeba jeni moja ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache sana katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: aliye na jeni moja huvumilia malaria kuliko asiye nayo. Penye mbu wengi jeni hiyo ilisaidia watu kuishi, ikabaki. Sisi tunakaa katikati, milima juu na ziwa hapo chini, na watu wamekuwa wakioana huku na huku. Malaria yenyewe ilipopanda milimani katika miaka ya 1990, Kisii na Nyamira tuliona jinsi inavyoangusha hata watu wazima, kwa sababu miili yetu haikuizoea.

Ugonjwa huu hupimwa kwa damu hospitalini. Tiba ipo: vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia maambukizo kwa watoto wadogo, kinga ya malaria, na dawa ya hydroxyurea ambayo daktari huamua nani apewe. Nyumbani mtoto anywe maji mengi na asipigwe na baridi. Akipata homa au maumivu makali, apelekwe siku hiyo hiyo.

Tunaandika kirefu hivi kwa sababu ambayo kila mmoja wetu anaijua. Mei 2008 watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto huku kwetu, wakiitwa abarogi. Oktoba 2021, huko Marani, akina mama wanne waliuawa na umati kwa madai kwamba walimroga mwanafunzi wa sekondari. Hatusemi yule kijana alikuwa na ugonjwa gani. Hiyo ilikuwa kazi ya daktari, na umati haukungoja. Lakini tunajua kwamba katika boma nyingi mtu aliyesoma biolojia zaidi ya wote ni huyo wa kidato cha nne. Wakati wazee wanauliza "ni nani?" yeye ndiye anayeweza kusema, "Twende tukapime kwanza." Mpeni nafasi ya kusema. Asinyamazishwe kwa kuwa ni mtoto.

Kuhusu mageuzi

Wazazi wengine wanatuletea malalamiko kwamba watoto wanafundishwa binadamu alitoka kwa nyani. Mwalimu hafundishi hivyo. Anafundisha kwamba viumbe hubadilika polepole kwa vizazi vingi, na kwamba binadamu na nyani wana asili ya mbali iliyo moja, na anaonyesha ushahidi. Ushahidi mwingi unatoka nchini mwetu. Pale Rusinga, ziwani, Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe wa kale aitwaye Proconsul mwaka 1948. Kule Nariokotome, Turkana, Kamoya Kimeu aligundua mwaka 1984 mabaki ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mtihani hauulizi mtoto anaamini nini. Unauliza ushahidi ni upi. Mambo ya imani tuyazungumze nyumbani na kanisani bila kumfanya mtoto aache ukurasa wazi.

Mfuko wa mifupa

Turudi kwa ile karatasi ya vitendo. Shule nyingi za kutwa huku hazina maabara ya kutosha. Watoto 50 hutazama chupa moja kwa mbali. Kikundi hakiwezi kujenga maabara kwa mwaka mmoja, lakini kuna vitu vinavyopatikana bure.

Mbuzi akichinjwa kwenye harusi au mkutano, mifupa hutupiwa mbwa. Ichukueni. Chemsheni mpaka nyama itoke yote, sugueni, anikeni juani siku kadhaa. Wekeni kwenye gunia safi, mpelekee mwalimu wa biolojia. Anahitaji hasa pingili za shingo mbili za kwanza, pingili za kifua zenye mwiba mrefu kwa juu, pingili za kiuno zenye mabawa mapana kando, mfupa wa bega, na mifupa mirefu ya mguu wa mbele na wa nyuma. Mtoto aliyezishika pingili hizi mara kumi hatazisahau. Onyo moja: mnyama awe amechinjwa na kukaguliwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiguswe, anaweza kuwa na kimeta, na kimeta huua watu.

Jikoni nako kuna mtihani. Ndizi mbichi ikitiwa tone la iodini hugeuka bluu iliyokaribia nyeusi, maana ina wanga. Ndizi iliyoiva wanga wake mwingi umegeuka sukari. Ukiiponda na maji, ukatia dawa ya Benedict na kupasha moto, rangi hutoka bluu ikaenda kijani, manjano, hata rangi ya chungwa. Ini bichi likitiwa haidrojeni peroksaidi hutoa povu jingi; ini lililochemshwa halitoi, kwa sababu vimeng'enya vyake vimeharibiwa na moto. Dawa hizi zitumike mbele ya mwalimu tu. Vikundi viwili au vitatu vikiungana vinaweza kununua chupa ndogo na lenzi chache za mkononi, vikazikabidhi shule kwa maandishi, na mwalimu mkuu akatia sahihi. Msisahau sahihi.

Kishona nguo kinachong'ang'ania suruali zetu njiani nacho huletwa kwenye mtihani, mtoto aeleze mbegu husambaaje. Maharagwe na mahindi hupandwa kwenye kopo wiki mbili mapema ili waone lipi hupandisha mbegu yake juu ya udongo na lipi huiacha chini. Mambo ya kila siku kabisa.

Karatasi za kuuzwa

Kuna mchango mmoja ambao tunaomba vikundi visiuingize kwenye daftari. Kila Oktoba hupita watu wakisema wana karatasi ya mtihani, hasa ya vitendo, kwa kuwa shule hupewa mapema orodha ya vitu vya kutayarisha. Wazazi huambiwa wachange kidogo kidogo. Wizi wa 2015 ulikuwa mkubwa hata sheria na ulinzi vikabadilishwa mwaka uliofuata. Matokeo ya 2022, yalipotangazwa Januari 2023, yalizua maneno nchi nzima kuhusu eneo letu, hata kamati ya elimu ya Bunge ikaanza kuchunguza. Waliosoma kwa haki nao walitiliwa shaka.

Mara nyingi hizo karatasi ni za uongo. Zikiwa za kweli, matokeo ya mtoto yanaweza kufutwa. Na hata akipita, atafika chuo cha uuguzi hajui mshipa na ateri. Siku moja atamdunga sindano mmoja wetu.

Mfumo wa 8-4-4 unafika mwisho. KCSE ya mwisho imepangwa kuwa ya mwaka 2027, na katika sekondari ya juu ya mfumo mpya biolojia ni ya wale watakaoichagua kwenye njia ya sayansi. Vikundi viwili vimetuuliza kama basi kuna haja ya kununua lenzi na kukusanya mifupa sasa. Haja ipo. Mbuzi hana mfumo mpya, pingili zake ni zile zile, na mfupa uliokaushwa vizuri na kuwekwa pakavu unaweza kukaa shuleni miaka mingi. Wenye mifupa tayari waipeleke kabla ya muhula wa pili kufungwa, ili watahiniwa waipate mapema na siyo wiki ya mtihani.